Bakuli Chini ya Dirisha

Nilifika Kerende wakati nyumba zimekwisha kupangwa kwa mistari lakini watu hawajazoea kuishi ndani ya mistari hiyo. Mimi ni mtu wa upande wa Ikoma, na nilikuwa nimeletwa kufundisha kisomo cha watu wazima. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, mwenye boksi moja la chaki na ulimi mwepesi wa kubishana. Kikurya nilikijua cha kusalimia tu. Watu walinijibu kwa Kiswahili, kikiwaishia katikati wanamalizia kwa lugha yao, nami natikisa kichwa kama niliyeelewa. Ukweli ni kwamba mwaka ule sikuelewa mambo mengi, na mengine sijayaelewa hata leo.

Zamani kila mji ulikaa kwenye kilima chake, na kati ya mji na mji palikuwa na mashamba, malisho na vichaka vya kutosha. Sasa watu walikuwa wamesogezwa karibu ili wapate shule, duka na maji. Mstari mmoja wa nyumba ulikuwa upande huu wa njia, mwingine upande ule, milango inatazamana. Aliyegawa viwanja alipima kwa kamba na vigingi. Hakuuliza nani ni nani kwa nani.

Ndiyo maana rafiki yangu wa kwanza pale kijijini alikuwa na shida ambayo kila mtu aliicheka na hakuna aliyeiona ndogo. Alikuwa mwanamke wa rika langu, ameolewa, mcheshi, mpishi hodari. Mlango wa mume wake ulitazamana na mlango wa mama yake mzazi. Kwa Wakurya, na hata kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawapeani mkono, na kula pamoja ndiyo mwiko kabisa. Sasa hawa walikuwa wametenganishwa na njia ya hatua thelathini. Wiki ya kwanza tu mume alitoboa ukuta wa nyuma akatengeneza mlango mwingine, akawa anatoka nyumbani kwake kwa kupita kwenye migomba. Mama naye kabla ya kutoka alikohoa. Kikohozi kimoja maana yake natoka, viwili maana yake nimesharudi ndani. Ukikaa kwa rafiki yangu asubuhi ungedhani ng'ambo ya njia kuna mgonjwa wa kifua.

Rafiki yangu wa pili alikuwa msichana muuza duka la ujamaa, Mjaluo kutoka kando ya ziwa. Alikuwa mrefu, mwenye maneno ya mkato, na aliamini kwamba mtu asiyekula dagaa hajala. Sisi watatu tulishikana kama kupe na ng'ombe. Jioni za kiangazi tulikaa kwa yule aliyeolewa tukibishana juu ya chakula. Mimi nilisifia nyama yetu ya kukausha juani, muuza duka akasifia samaki wake, na mwenye nyumba akatunyamazisha kwa kutuwekea mbele ugali wa mtama, mgagani uliolala kwenye maziwa, na kibuyu cha mgando kilichonukia moshi.

Siku moja mume wake alichinja mbuzi, tukaletewa nyama na kibakuli cha mchuzi wa kijani.

"Hiki ni kichuri," rafiki yangu akasema. "Chovya."

"Kimetengenezwa na nini?"

"Majani."

"Majani gani?"

"Aliyokula mbuzi."

Muuza duka akainuka akasema amesahau kufunga duka, na siku hiyo duka halikufunguliwa kabisa. Mimi nilichovya kwa sababu sipendi kushindwa. Ulimi ukakunjamana kwa uchungu, machozi yakanitoka, nikaapa sirudii tena. Baada ya dakika mbili mkono wangu ulikuwa umerudi wenyewe kwenye kibakuli. Nilijishangaa. Nilikuwa sijawahi kuchukia kitu na kukitaka kwa pamoja, tena kwenye tonge moja.

Mambo ya kuchora yalianzia darasani. Vitabu vya kisomo vilikuwa vichache, basi nilichora ng'ombe ukutani kufundishia herufi, nikachora jembe, nikachora mtungi. Wanafunzi wangu, watu wazima wenye wajukuu, waliacha kusoma wakawa wanakosoa ng'ombe wangu. Mmoja alisema pembe zile si za ng'ombe wa Kikurya. Mwingine akasema ng'ombe yule ana mimba na mimi mwenyewe sijui. Lakini habari zilimfikia mwenyekiti wa kijiji, akanijia akiwa ameshika fimbo yake kwapani.

"Mwalimu, mgeni anakuja kutoka wilayani, Tarime, kuona kijiji. Ukuta wa duka uko mtupu. Tuchoree ujamaa."

"Shikamoo. Ujamaa unachorwaje?"

"Marahaba. Watu wanakula pamoja. Bakuli moja. Mwanamume na mwanamke, mzee na kijana. Hapo hata asiyejua kusoma anaelewa."

Nilifurahi mpaka nikakosa adabu, nikamshika mkono kwa mikono miwili nikautikisa. Kazi ile niliitaka.

Wiki mbili zilizofuata tulizitumia kutafuta rangi, na sijui kama nimewahi kucheka vile tena. Nyekundu tuliifuata kwenye mashimo ya zamani ya dhahabu, ambako udongo ni mwekundu kama damu ya jana. Muuza duka alitumbukia hadi kiunoni akawa anapiga kelele kwamba amezikwa Ukuryani na kwao hawana habari. Nyeupe tuliichimba kando ya mto. Nyeusi tulikwangua masizi ya vyungu, kila nyumba ikashukuru kwa kusafishiwa. Buluu ndiyo ilitutesa. Nilisema mbingu bila buluu siichori, basi tukapanda lori la ushirika, mimi na muuza duka, mpaka sokoni Tarime tukanunua vidonge vya buluu ya kufulia nguo. Kurudi lori likaharibika, tukatembea nusu ya njia tukitafuna miwa, buluu imetuvujia mikononi. Rafiki yetu aliyeolewa hakwenda, maana tumbo lilikuwa limekwisha kuwa kubwa na miguu inamvimba. Ila yeye ndiye aliyetufundisha kuchanganya rangi na uji mwembamba wa muhogo ili zishike ukutani. Alikuwa amejifunza kwa mama yake, ambaye kwa kukandika na kupamba kuta hakuwa na mpinzani pale kijijini.

Ukuta wa duka ulikuwa na dirisha katikati, lile la kuuzia. Basi picha yangu ilibidi igawanyike: mtu mmoja kushoto kwa dirisha, mwingine kulia, na bakuli chini ya dirisha, kila mmoja amenyoosha mkono kulifikia.

Sasa niseme udhaifu wangu. Mimi siwezi kuchora mtu bila kumtazama mtu. Kwa mwanamume nilimtumia mume wa rafiki yangu. Alikuwa na koti refu la jeshi la baba yake, na masikio yenye matundu mapana ya zamani. Nilimchora kwenye daftari siku moja anakula kwenye migomba, naye alijikaza akala polepole apendeze. Kwa mwanamke mzee nilikwenda ng'ambo ya njia kwa mama. Nilimpenda anavyokaa, miguu yote miwili imenyooshwa mbele, bega la kushoto limeshuka kwa miaka ya kubeba mitungi, bangili za shaba zimejaa mkononi. Alinipa uji nikamchora. Hakuniuliza ninamchorea nini, na mume naye hakuniuliza.

Mtu ataniuliza: wewe mwalimu, uliyejua habari za kukohoa na mlango wa nyuma, hukufikiri? Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko mtu yeyote. Jibu langu ni kwamba niliona koti, nikaona bega, nikaona bangili. Mkwe na mama mkwe sikuwaona. Tena kati yao palikuwa na dirisha, na dirisha lile lilikuwa pana. Nilichora siku nne nikifunika kazi kwa magunia kila jioni. Muuza duka peke yake ndiye aliyechungulia. Alicheka mpaka akakaa chini. Nilidhani anacheka pua nilizochora. Baadaye aliniambia alidhani nimefanya makusudi, kwamba ni mzaha wetu watu wa Ikoma.

Nilifunua magunia Jumapili watu wakitoka kanisani. Waliokuwa mbele walimtambua mume kwanza, wakapiga makofi. "Koti hilo! Masikio hayo!" Yeye mwenyewe alisimama katikati ya wenzake amevimba kwa furaha. Kisha mtu mmoja akaangalia upande wa pili wa dirisha. Nikaona makofi yanakufa kuanzia mbele kwenda nyuma. Wanawake walijifunika midomo. Nilitabasamu, maana nilidhani wameshikwa na uzuri wa kazi.

Kijana mmoja wa rika la mume akauliza kwa sauti, "Mura mwenzangu, na chakula kilikuwa kitamu?"

Hakuna aliyecheka. Mume aliangalia ukuta, akageuka, akaingia kwenye mahindi ya mtu akatokomea. Mama alikuwa kwenye foleni ya chumvi. Alivuta kanga usoni akaondoka bila kuinua kichwa, kikapu chake akakiacha pale chini. Mimi nilibaki nimeshika gunia. Nilimgeukia muuza duka nikamuuliza, "Wamekasirikia nini?" Naye akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezikwa shimoni.

Kabla jua halijazama nilimwona rafiki yangu anavuka njia, ana mkeka kichwani na mkono mmoja umeshika mgongo. Nilimkimbilia.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mama. Mume wangu amenirudisha."

"Kwa sababu ya picha?"

"Kwa sababu amekula na mama."

"Hajala na mama! Ni rangi na uji wa muhogo, wewe mwenyewe umenifundisha kuukoroga!"

Akashika njia. Hatua thelathini tu, lakini alizitembea kama anakwenda Musoma. Wakubwa wa ukoo wa mume walikuwa wamekaa mchana huohuo wakasema nyumba imechafuka. Mtoto asizaliwe ndani yake mpaka isafishwe. Na mke akijifungulia kwa mama yake kabla jambo halijasafishwa, ndoa hiyo wao wanaihesabu imekwisha. Mume asingeweza hata kwenda kumwona, maana mle ndani yumo mama mkwe. Na tumbo lile lilikuwa la siku za kuhesabu.

Nilikwenda kwa mume kupitia migombani, nimejaa hasira ya mtu aliyekosea na hajui amekosea wapi. Nilimkuta anachonga mpini ambao haukuhitaji kuchongwa.

"Shemeji, wewe ulikula hapo kwenye migomba. Mimi nilikuona. Mama alikuwa kwake. Mlikula pamoja lini?"

"Pale ukutani ni nani?"

"Ni picha."

"Picha ya nani?"

Nikatazama mpini wake.

"Mwalimu, ukimchora mtu amekufa, mama yake alie asilie?"

Nilitaka kusema asilie, mtoto wake si mzima? Nikamfikiria mama yangu mwenyewe akioneshwa picha yangu nimelala ndani ya sanda.

"Basi isafisheni," nikasema. "Si mnachinja mbuzi? Mimi nitatafuta kila njia nimpate huyo mbuzi."

"Mbuzi yupo. Lakini tukisafisha leo, kesho asubuhi wale wawili wanakula tena. Na keshokutwa. Wanakula mchana na usiku, hawashibi." Aliweka mpini chini. Niliona anataka kulia, na mimi ndiye niliyemfikisha pale. "Niliipenda sana ile picha," akasema.

Kwa hiyo nilikwenda kwa mwenyekiti kuomba ruhusa ya kufuta. Huko nilikuta ukuta mwingine. Mwenyekiti alikuwa Mkurya kamili, mwenye mama mkwe wake anayemkimbia vizuri tu, na aliifahamu aibu ile kuliko mimi. Lakini alikuwa amekwisha kupeleka habari wilayani kwamba kijiji chake kina picha ya ujamaa ukutani, watu wanakula bakuli moja. Mgeni anakuja kuiona hiyo.

"Ukifuta, nitasema nini? Kwamba watu wangu hawataki kula pamoja? Unajua hilo litaitwaje?"

"Na huyu mwanamke mwenye mimba?"

"Mwalimu, wewe ndiye uliyechagua sura."

Nilirudi nimechanganyikiwa kweli. Nikifuta, nimeharibu kazi ya kijiji na pengine kazi yangu mwenyewe. Nikiacha, nimevunja nyumba ya mtu aliyenilisha. Na chini ya yote hayo lilikuwapo swali lililoninyima raha hata ya kula: picha inakula au haili? Nilipokuwa peke yangu nilijua haili. Nilipopita mbele ya duka nikaona ile mikono miwili inayoelekea bakuli moja, nilishikwa na aibu nikatazama chini. Hapo nilijua inakula.

Aliyenikwamua ni mama. Alinitumia mtoto wa jirani siku ya kazi ya shamba la pamoja, mchana, wakati wanaume wote wako kondeni. Nilimkuta nyuma ya duka amejifunika kanga, ana ndoo ya kinyesi cha ng'ombe kilichokandwa na udongo.

"Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba, mwanangu. Amang'ana?" Ndivyo wanavyoulizana habari. "Mimi sijaiona hiyo picha. Nilikimbia. Nataka kujiona."

Tulizunguka mbele. Muuza duka alisimama njiani kutulindia. Mama alienda upande wake wa kulia, kiganja amekiweka kando ya jicho kama ukuta ili upande wa kushoto asiuone, akajitazama kwa muda mrefu. Akagusa bega lililoshuka la kwenye picha, kisha akagusa la kwake.

"Kumbe bega liko hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Na sikujua." Akainama karibu zaidi. "Bangili umenipunguzia moja."

Niliomba radhi na kwa bangili pia. Nilimwambia niko tayari kumfuta hata saa ileile, liwalo na liwe. Akanigeukia kwa ukali.

"Unifute kwa nini? Mimi nimekosa nini? Mimi nimekaa kwangu, ninakula. Na yeye yuko kwake, anakula. Kosa lako, mwalimu, umechora watu ukasahau nyumba."

Akachota udongo. Nimeona watu wengi wakikandika, lakini sijaona mkono kama ule. Alipandisha ukanda mmoja mpana kutoka chini mpaka kwenye dirisha, kisha kutoka juu ya dirisha mpaka kwenye paa, akalifunika bakuli langu kwa ule udongo, akaulainisha kwa kiganja, akachora kwa kidole zile alama zao za mawimbi. Ulikuwa ukuta wa nyumba. Mtu akitazama sasa anaona mama amekaa upande wa ndani wa nyumba moja, na mwanamume upande wa ndani wa nyumba nyingine, kila mmoja amenyoosha mkono kuelekea ukutani. Hata wakwe wa kweli huongea hivyo, ukuta ukiwa kati. Picha yangu ilikuwa nzuri. Ya kwake ilikuwa sahihi, na niliona wivu, nisiseme uongo.

Jioni ile mume alikuja kusimama mbali, penye mti wa mpaka, akaangalia. Kesho yake wakubwa wa ukoo walikuja nao wakaangalia, wakabishana, wakakubali: hao hawali pamoja. Wakachinja mbuzi, wakapaka miimo ya mlango, wakasema mke avuke njia kesho yake jua likielekea kutua, arudi kwake. Nilipopelekewa habari hiyo nilikaa chini nikalia kwa raha.

Na kesho yake ndipo mgeni akaja, saa nane mchana, kwa gari la Landrova, bila kusubiri siku aliyoisema.

Alikuwa mtu wa heshima, si mkali, suti yake ya kijani imepigwa pasi vizuri. Kijiji kizima kilikusanywa mbele ya duka, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Rafiki yangu alikuwa ameketi chini kati ya wanawake, mkono juu ya tumbo, mkeka wake umekwisha kukunjwa mlangoni kwa mama yake. Mgeni alisimama mbele ya ukuta, akainamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia.

"Mwenyekiti, uliniambia watu wanakula pamoja. Hawa wametengwa na nini?"

Mwenyekiti alinitazama mimi.

"Ni ukuta, mheshimiwa," nikasema.

"Ukuta katikati ya ujamaa? Nani ameuweka?"

Nilikuwa na ulimi wangu wote, ule wa kubishana, na haukusogea. Nilitaka kumweleza habari za wakwe, lakini maneno ya kueleza aibu ya watu mbele ya watu wenyewe yalinikimbia. Akakwangua kidogo kwa kucha, bakuli langu likachungulia.

"Kumbe lipo chini. Basi mwalimu, osha udongo huu, bakuli lionekane. Nitasubiri."

Mwenyekiti akapaza sauti niletewe maji. Ndoo ikaja na kitambaa. Nakumbuka maji yalikuwa ya baridi. Nakumbuka sikumtazama mtu yeyote. Nilipiga magoti mbele ya dirisha, na kichwani mwangu mlikuwa mnazunguka maneno mengi pamoja: kazi yangu, mama yangu kule Ikoma anayetegemea mshahara wangu, mtoto ambaye hajazaliwa, na lile swali kama picha inakula. Nikatumbukiza kitambaa ndani ya ndoo.

Hapo nikasikia kikohozi kimoja.

Mama alitoka kati ya wanawake akatembea mbele ya watu wote, kwenye uwanja mtupu, mahali ambapo mkwe wake alikuwa anamwona waziwazi. Wanawake waliguna. Mume alivuta koti lake la jeshi kichwani akageuka nyuma, na ndugu zake waliosimama naye, ambao nao ni wakwe wa mama yule, wakageuka pamoja naye, migongo kwa mgeni.

"Wanaume hawa wananigeuzia mgongo?" mgeni akauliza. "Ni nini hiki?" Alionekana amepotea kama mimi nilivyokuwa siku ya kwanza.

Mama alinipita, akakaa chini ya dirisha, miguu yote miwili mbele, mgongo umeegemea ule udongo alioukandika. Akafunika uso kwa kanga. Basi.

Mgeni aliwaambia mgambo wawili wamwondoe kwa adabu. Mmoja akasema ni shangazi yake. Mwingine akasema ni mama mkwe wa kaka yake, hawezi hata kumsogelea, na akatumia nafasi hiyo kugeuka mgongo naye. Mwenyekiti alianza kueleza, akaeleza vibaya, akaanza tena. Jua lilikuwa kali. Mwishowe mgeni aliandika kitu kwenye daftari, akasema atarudi, akapanda gari. Hakurudi, wala hakuna aliyewahi kutuambia aliandika nini.

Mama aliinuka vumbi la gari lilipotulia, akajipangusa, akakohoa, akaenda kwake. Jua lilipoelekea kutua rafiki yangu alivuka njia na mkeka wake. Mtoto alizaliwa siku ya tano, wa kike, ndani ya nyumba ya baba yake.

Nilikwenda kumwona nikiwa na sukari ya robo kilo aliyonifichia muuza duka. Nilipokelewa vizuri. Mume alinisalimia akacheka akasema bangili niongeze. Rafiki yangu alinipa mtoto nimpakate, akaniwekea ugali na mgando, tukala kwa bakuli moja mimi na yeye, nikaanza kujisikia mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nikasimulia habari za mgambo aliyegeuka, nikamwigiza. Akacheka. Kisha akanitazama, bila hasira yoyote, kama mtu anayetaka tu kujua.

"Ungefuta?"

"Mimi? Sijui. Nilikuwa nimechanganyikiwa. Kweli nakwambia sijui."

Alimchukua mtoto mikononi mwangu akamweka kwenye titi.

"Kitambaa ulikuwa umeshakilowesha," akasema.